Mji Ulioishi kwa Wapita Njia

Katika makumbusho, na katika makasha ya wazee wachache, bado zimo reale za fedha zenye sura ya Maria Theresa. Upande mmoja yuko mwanamke wa makamo, kidevu kimejaa, kichwani amejitanda ushungi. Upande wa pili yuko tai mwenye vichwa viwili, amezungukwa na maneno ya Kilatini yaliyokatwakatwa ili yatoshe. Karibu na mwisho wa maandishi hayo, kabla tu ya mwaka 1780, zimo herufi hizi: CO. TYR. Zinasema kwamba mama huyu, pamoja na vyeo vyake vingine vyote, ni mtawala wa Tirol. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Unguja, Maskati, Mocha na Harar walizihesabu reale hizo na kuzipima, na jina la nchi moja ndogo ya milima ya Alpi likapita mikononi mwao pamoja na karafuu, kahawa, pembe za ndovu na, lazima tuseme, pamoja na watu waliouzwa.

Mji mkuu wa Tirol ni Innsbruck. Ushungi ule wa kwenye reale ulianzia huko, jioni moja ya Agosti 1765. Nitaifikia jioni hiyo, lakini mji huu hauelezeki mpaka mtu autazame kwanza mto na mlima.

Innsbruck umelala katika bonde la mto Inn, kwenye kimo cha mita 570 na kidogo. Upande wa kaskazini safu ya Nordkette inasimama wima mpaka juu ya mita 2,300, karibu mno na nyumba, hata mtu aliye katikati ya mji akiinua macho mwishoni mwa barabara huona mawe na theluji mahali ambapo angetegemea kuona mbingu. Upande wa kusini mlima umepasuka. Bonde jembamba linapanda taratibu kwa kilomita chini ya 40 hadi Brenner, ambako njia inavuka uti wa mgongo wa Alpi kwenye kimo cha mita 1,370 tu. Anayetoka Ujerumani kwenda Italia na mizigo hana mlango ulio rahisi kuliko huo. Mji ulizaliwa kwa sababu ya mlango, na mpaka leo furaha yake na mateso yake yanapita hapo.

Warumi waliuona mapema. Waliweka kituo chao, Veldidena, pale ambapo sasa ni mtaa wa Wilten. Baada yao, mwaka 1138, watawa Wapremontree wakapewa abasia ya Wilten, na ardhi yote ya upande wa kusini wa mto ikawa yao. Daraja lilipojengwa katika karne hiyohiyo ya 12, soko lilikuwa limebanwa upande wa kaskazini, kati ya maji na mlima. Mwaka 1180 mabwana wa ukoo wa Andechs wakakaa na watawa, wakabadilishana ardhi, soko likavuka mto. Mwaka 1239 mji ukapata hati yake, na ndani ya hati hiyo kulikuwa na haki iliyouzidi ukuta wowote wa mawe kwa faida: mizigo iliyopita katika sehemu ile ya bonde, kati ya mito ya Melach na Ziller, ilipaswa kushushwa ghalani Innsbruck. Mfanyabiashara wa viungo au wa vitambaa hakuwa na haja ya kuupenda mji, ila alilazimika kusimama, kushusha, kulipa, kula, kulala na kulisha wanyama wake.

Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu vitabu vya historia ya miji hupenda kuanza na wafalme. Hapa wafalme walikuja baadaye, wakaikuta pesa tayari.

Walikuja kwa njia ya msiba. Mwaka 1363 Margarete, mtawala wa Tirol, alifiwa na mwanawe wa pekee, na mwaka huohuo akaikabidhi nchi kwa ukoo wa Habsburg. Mwaka 1420 mmoja wao, Friedrich, alihamisha makao kutoka Meran, upande wa kusini wa Brenner, akayaleta Innsbruck. Kisha milima yenyewe ikafunguka. Huko Schwaz, mwendo wa nusu siku ukifuata mto, ilipatikana fedha nyingi kiasi kwamba maelfu ya wachimbaji walikusanyika humo. Mtawala Sigmund akahamisha karakana ya sarafu mwaka 1477 kutoka Meran hadi Hall, kilomita 10 tu kutoka Innsbruck, akaiweka jirani na migodi. Mwaka 1486 mafundi wa Hall walitoa sarafu ambayo Ulaya haikuwa imeizoea: kipande kikubwa cha fedha, kizito mkononi, chenye thamani sawa na sarafu ya dhahabu. Watawala wengine wakaiga. Kutoka kwa kipande hicho ndiko kulikotoka ukoo mzima wa sarafu kubwa za fedha, na baada ya miaka 300 mmoja wa wajukuu wake akatia nanga Unguja.

Sigmund hakuwa mtu wa kutunza. Mwaka 1490 alilazimika kumwachia nchi ndugu yake mdogo kwa ukoo, Maximilian, na huyu ndiye mtu ambaye Innsbruck inamkumbuka kuliko wote.

Kwenye uwanja mdogo wa mji wa kale kuna roshani iliyojengwa ukutani, imefunikwa vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu. Ilimalizika mwaka 1500. Maximilian alikuwa ameoa Bianca Maria Sforza wa Milano mwaka 1494, na harusi ilifanyika Hall. Kwao ni upande wa mke uliotoa mali, na mali hiyo ilikuwa ducati 400,000, fungu ambalo bwana harusi alilihitaji sana. Kwenye nakshi za roshani Maximilian amechongwa pamoja na wake zake wawili, Bianca na yule wa kwanza aliyefariki, Maria wa Burgundy. Watalii hupiga picha hapo kutwa nzima. Wachache husoma kibao kilicho karibu, kinachomtaja Jakob Hutter, fundi wa kofia aliyehubiri kwamba mtu abatizwe akiwa mkubwa, kwa hiari yake, na kwamba waumini wawe na mali ya pamoja. Mwaka 1536 alichomwa moto mbele ya paa hilo la dhahabu. Wafuasi wake walitawanyika kutoka nchi moja hadi nyingine, na vijiji vyao vipo leo Kanada na Marekani, bado vikiitwa kwa jina lake. Dhahabu ya paa na moto uliowashwa chini yake ni kazi ya ukoo mmoja wa watawala, na nadhani anayeusifu mji huu ana deni la kuvitaja vyote viwili.

Maximilian, aliyekuwa sasa Kaisari, alitaka akumbukwe. Aliagiza kaburi ambalo hakuna Kaisari aliyewahi kuwa nalo: sanamu 40 za shaba, kubwa kuliko binadamu, za mababu zake wa kweli na wa kudaiwa, wasimame kulizunguka jeneza lake kama ndugu kwenye mazishi. Zikamalizika 28. Zimo hadi leo katika kanisa la Hofkirche, safu mbili nyeusi, wanaume 20 na wanawake 8. Mtu akipita katikati yao huona kila mshono wa nguo, kila pete ya deraya, misuko ya nywele, mifuko ya kiunoni. Mikono yao ya kulia imefinyangwa ikiwa tayari kushika mienge ya msiba. Mfalme Arthur wa hadithi za Waingereza naye yumo, amefungwa chuma mwili mzima, umbo lake limebuniwa na Dürer na kumiminwa Nürnberg mwaka 1513 katika karakana ya Peter Vischer. Sehemu zinazofikiwa na mikono ya wageni zimeng'aa, na kwingineko kote shaba imebaki nyeusi. Katikati limewekwa jeneza la marumaru lenye picha 24 za maisha yake, zenye watu wadogowadogo, farasi, mahema na kuta za miji, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya mkono wa Alexander Colin. Juu kabisa Kaisari amepiga magoti.

Ndani hamna mtu. Miaka ya mwisho ya uhai wake Maximilian alisafiri na jeneza lake mwenyewe katika msafara, kila alikokwenda. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa mwaka 1518 alifika Innsbruck mgonjwa, na wenye nyumba za wageni wakakataa kuwapokea watu wake na farasi wake, kwa kuwa madeni ya zamani hayajalipwa. Akaondoka. Tarehe 12 Januari 1519 alifariki Wels, akazikwa Wiener Neustadt. Sanamu zilikuwa nzito mno kwa kanisa dogo alimozikwa, basi mjukuu wake Ferdinand akazijengea kanisa hili Innsbruck, kati ya 1553 na 1563.

Kisa hicho cha wenye nyumba za wageni kinanigusa kuliko sanamu zote. Bwana wa nusu ya Ulaya alisimama mlangoni, na mji uliofundishwa na barabara kwamba kila mpitaji hulipa ukamwambia na yeye alipe. Sisemi kwamba ni ukarimu. Nasema kwamba watu wale walikuwa na watoto wa kulisha, na deni la Kaisari halikuwa likiliwa.

Karne iliyofuata naipita haraka, ingawa ndani yake mna chuo kikuu. Kaisari Leopold alikianzisha mwaka 1669 kwa kuongeza ushuru kwenye chumvi ya Hall, hivyo kila chungu cha mchuzi katika Tirol kilichangia elimu ya wanasheria na matabibu. Twende Agosti 1765.

Maria Theresa alikuja Innsbruck na baadhi ya familia yake kumwoza mwanawe Leopold binti wa mfalme wa Hispania. Mji ulijenga tao la mawe kuwapokea maharusi, na mawe mengi yalitoka kwenye lango la zamani lililobomolewa kwa kazi hiyo. Harusi ilifungwa tarehe 5 Agosti. Sherehe zikaendelea siku baada ya siku, hata jioni ya tarehe 18 Kaisari Franz, mume wa Maria Theresa, akitoka kwenye maonyesho, alianguka ndani ya kasri, akafa. Walikuwa wameoana miaka 29 na kupata watoto 16. Mama yule alizikata nywele zake, akavaa nyeusi, na hakuivua mpaka alipokufa mwenyewe mwaka 1780. Alikaa eda ya miaka 15. Chumba alichofia mumewe akakifanya kanisa dogo, na akaanzisha nyumba ya wanawake wa ukoo bora ili wamwombee marehemu.

Tao halikubomolewa. Liliachwa lielezee yote mawili: upande wa kusini, unaomtazama mgeni anayeshuka kutoka Brenner, michoro ni ya harusi, na upande wa kaskazini, unaoutazama mji, ni ya kifo. Magari hulizunguka siku hizi. Sijui jengo jingine la kifalme lililokubali wazi kwamba shughuli ya harusi iliishia matangani, na kwa hilo nalipenda kuliko paa la dhahabu.

Tangu siku hizo sarafu za Maria Theresa zikaanza kumwonyesha akiwa na ushungi wa mjane. Reale iliyotufikia sisi, yenye gramu 28 na pointi, ilipigwa mwanzo huko Günzburg, kisha hata alipokwisha kufa ikaendelea kupigwa kwa tarehe ileile ya 1780, Vienna, Milano na Venezia, na baadaye hata London na Bombay. Wanunuzi wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi walikuwa wameizoea sura ile na hawakutaka nyingine. Waliukagua ushungi na lulu za bizimu yake ili kutambua bandia. Sayyid Barghash alipotoa reale yake ya Zanzibar mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ilikuwa sawa kwa thamani na ile ya mjane. Msiba wa nyumba moja ya Innsbruck ukawa alama ya uaminifu wa fedha kwa watu ambao hawakuwahi kuisikia nyumba hiyo, na kwa fedha hiyohiyo watoto wa watu wengine walinunuliwa sokoni Unguja. Nashindwa kuutazama ushungi ule bila kuwakumbuka na hao, ambao hakuna aliyewajengea tao.

Mwaka 1809 Tirol iliasi dhidi ya Wabavaria na Wafaransa chini ya Andreas Hofer, mwenye nyumba ya wageni, na mapigano yakafanyika kwenye kilima cha Bergisel juu ya mji. Alipigwa risasi Mantua tarehe 20 Februari 1810. Amezikwa Hofkirche, kwa hiyo kanisa lililojengwa kwa kaburi la Kaisari asiyekuwemo linamhifadhi mtu wa nyumba ya wageni, na huyu yumo kwelikweli. Mwaka 1867 reli ikavuka Brenner, na safari ya siku nyingi ikawa ya saa chache.

Mwaka 1849 alizaliwa Innsbruck mtoto aliyeitwa Ludwig Purtscheller. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo huko Salzburg, na likizo zake zote alizimalizia milimani. Tarehe 6 Oktoba 1889, siku aliyotimiza miaka 40, alisimama juu ya Kibo pamoja na Hans Meyer wa Leipzig. Siku tatu kabla walikuwa wamekata ngazi kwenye barafu kwa mashoka mpaka ukingo wa kreta, wakaona kilele kingali mbali, wakarudi. Vitabu vya Ulaya huwataja hao wawili. Kambini juu, penye baridi inayopasua midomo, alibaki mtu wa Pangani aliyeitwa Mwini Amani, akitunza moto na vyombo mpaka wakashuka. Mtu wa pwani ya joto aliyekubali kulala kule anastahili kutajwa katika sentensi moja na wale waliofika juu.

Barafu waliyoikata sasa inakwisha. Wachunguzi walioipima kwa miaka mingi wametoka, kati ya mahali pengine, Chuo Kikuu cha Innsbruck, kile kilichojengwa kwa chumvi. Georg Kaser na wenzake walieleza kwamba kofia ya Kibo ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, pale hewa ya Afrika Mashariki ilipopata ukavu na theluji ya kuilisha barafu ikawa haba. Purtscheller alifika, basi, wakati kupungua kumeanza. Nyumbani kwao nako, juu ya bonde la Stubai karibu na mji, wenye viwanja vya kuteleza hufunika sehemu za barafu kwa shuka nyeupe wakati wa kiangazi ili zisiyeyuke.

Karne ya 20 iliutendea mji huu vibaya, nao mji ukatenda vibaya. Mkataba wa amani wa Septemba 1919 uliweka mpaka juu ya Brenner. Tirol ya kusini ikawa Italia, na mlango ulioujenga mji ukafungwa kwa walinzi na bendera. Usiku wa Novemba 9 kuamkia 10, mwaka 1938, wanaume wa mji waliovaa nguo za kiraia waliingia katika nyumba za Wayahudi. Wayahudi hawakuwa wengi Innsbruck, watu mia chache tu. Watatu waliuawa usiku huo, na wa nne akafa baadaye kwa majeraha. Wauaji hawakuwa wapita njia. Walikuwa wakazi wa hapo na waliowaua walikuwa wakazi wa hapo, wengine wakifahamiana kwa sura. Ilipita karibu miaka 60 kabla kumbukumbu ya waliouawa haijasimamishwa katika uwanja wa Landhausplatz, mwaka 1997, na wazo la kuisimamisha lilitoka kwa vijana wa shule. Watu wazima walikuwa wamepata nafasi zote za kulitoa.

Kuanzia Desemba 1943 ndege zilikuja mara 22 kwa ajili ya reli ya Brenner. Barabara iliyoleta mkate ilileta mabomu. Baada ya vita Wafaransa walikalia Tirol, na kati ya askari wao walikuwemo Wamoroko. Halafu ukaja wakati wa kupumua: Olimpiki ya majira ya baridi ya 1964, ambapo theluji haikuanguka na jeshi likabeba nyingine kutoka juu kuijaza miteremko, kisha ya 1976, iliyopatikana kwa sababu wapiga kura wa Colorado waliikataa Denver isiiandae. Mioto miwili ikawashwa, mmoja kwa kila michezo.

Mwaka 1963 lilifunguliwa daraja la Europabrücke, kusini mwa mji, mita 190 juu ya bonde. Lilishangiliwa. Sasa zaidi ya malori milioni 2 huvuka Brenner kila mwaka, na bonde jembamba linaushika moshi na mvumo wao usitoke. Tirol imeyapiga marufuku malori usiku na kuyaachia kwa awamu mpakani siku za msongamano. Mwaka 2024 Italia iliishtaki Austria katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kwa ajili hiyo, ikidai biashara ipite. Madai hayo yana umri wa karne nane. Zamani mji ndio uliomlazimisha mfanyabiashara asimame, na sasa mfanyabiashara anadai asisimamishwe kabisa. Mkazi wa bonde amepoteza kwa mpango huo, maana lori halishushi kitu, dereva halali hapo, na kinachobaki ni vumbi la matairi kwenye dirisha la chumba cha mtoto. Katika kesi hii niko upande wa mkazi.

Chini ya mlima wanachimba handaki la reli lenye urefu wa kilomita 55, na likiunganishwa na njia ya kuuzunguka mji zinafika 64, refu kuliko mahandaki yote ya reli duniani. Treni za mizigo zitaingia ardhini mashariki ya Innsbruck na kutokea Italia bila kuuona mto wala daraja lake. Karne nyingi baada ya watawa wa Wilten kukubaliana na mabwana wa Andechs, shehena za kaskazini na kusini zitaupita mji huu bila kuugusa. Watu wa bondeni wanauliza jambo moja tu: litamalizika lini.